Vitamini C, habasoda na kifua kinachobana: majibu kwa wasomaji wetu wa Mombasa

Kusi likishaanza kuvuma na masika yakalowesha kuta, barua zinazotufikia huwa za mafua, kikohozi na pumu. Za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ninunue nini ili kifua kitulie na kinga ipande? Tumejibu kwa vipimo na kwa saa, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Majina tumeyaacha, mitaa tumeibakisha.

Kila asubuhi kabla ya kuvuka feri nanywa kidonge kimoja cha vitamini C cha 1000, kile cha kutoa povu. Mwaka huu mafua yamenirudia mara tatu. Kaka yangu asema ninywe viwili. Nina presha kidogo pia. (Msomaji, Likoni)

Usiongeze, bwana. Punguza. Mwanamume mzima ahitaji miligramu 90 za vitamini C kwa siku, mwanamke 75, na mvuta sigara huongeza 35 juu ya hizo. Utumbo hufyonza sehemu kubwa ya dozi ndogo, lakini dozi ikizidi miligramu 1000 hata nusu yake haiingii mwilini. Inayobaki tumboni huvuta maji, ndiyo maana watu huharisha na kujaa gesi. Iliyoingia ikazidi hutoka na mkojo, na sehemu yake hugeuka oksaleti ambayo, kwa wanaume hasa, yaweza kujenga vijiwe vya figo. Kikomo cha mtu mzima ni miligramu 2000 kwa siku. Vidonge viwili vinakufikisha hapo kabla hujala hata chungwa.

Sasa mafua yenyewe. Wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio mengi mwaka 2013, yenye jumla ya watu zaidi ya 11,000. Wanywaji wa vitamini C wa kila siku hawakupata mafua mara chache kuliko wengine. Walichopata ni kupona mapema kidogo: kwa watu wazima siku za kuumwa zilipungua kwa asilimia 8, yaani mafua ya siku saba hupungua kwa kama nusu siku. Aliyengoja hadi pua ianze kutiririka ndipo ameze, hakuonekana kupata faida ya kutegemewa. Waliofaidika wazi ni wakimbiaji wa marathoni, wanajeshi na wengine waliochosha mwili kupita kiasi. Kwao hatari ya mafua ilipungua kwa nusu. Kwa sisi wengine kidonge huziba pengo la chakula, basi. Pasipo na pengo hakina pa kwenda.

Presha yako ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Povu hutoka kwenye bikaboneti ya sodiamu inapokutana na asidi ndani ya maji, na kidonge kimoja chaweza kubeba miligramu 200 hadi 300 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asizidi miligramu 2000 kwa siku, chumvi ya mchuzi na ya mkate ikihesabiwa humo. Ukitaka kuendelea na kidonge, chukua cha kumeza au cha kutafuna, cha miligramu 100 hadi 250, kisicho na povu.

Lakini tungependa zaidi upite sokoni, Marikiti au Kongowea. Pera moja la kadiri lina zaidi ya miligramu 100. Kipande cha papai cha gramu 150 kina kama 90. Unga wa ubuyu mkavu nao ni tajiri, ila si yale mabuyu ya rangi yaliyochemshwa na sukari, kwa sababu moto hupunguza vitamini hii sana. Hata ndimu ya chai ya tangawizi ikamue chai ikishapoa ikawa vuguvugu.

Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka minne ana pumu. Hospitali wamempa pampu mbili za kuvuta, ya buluu na ya kahawia. Mama mkwe asema pampu zitamzoesha mtoto, na kwamba habasoda na asali zamtosha. Nifanye nini bila kumvunjia mzee heshima? (Mama, Mji wa Kale)

Wa alaykumu salaam, mama. Habasoda yastahiki heshima yake na hatutaki uitupe. Ina mafuta yenye kemikali iitwayo thaimokwinoni, ambayo katika maabara hulegeza misuli ya njia za hewa na kupunguza uvimbe. Utafiti mmoja wa Saudi Arabia uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wenye pumu miligramu 500 za mafuta yake mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Dalili zilipungua, lakini vipimo vya nguvu ya mapafu havikubadilika kwa kiasi cha kutosha kuthibitisha. Nao walikuwa watu wazima wachache. Kwa mtoto wa miaka minne hakuna dozi ya mafuta iliyokubalika, kwa hivyo chupa ya mafuta isimguse. Punje chache za habasoda juu ya mkate ni chakula, hazina neno. Asali nusu kijiko cha chai kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha mafua, naye ameshavuka umri wa hatari. Hayo mawili mpe mama mkwe ayasimamie, na pampu zibaki mikononi mwako.

Hazimzoeshi. Pampu ya kahawia ni dawa ya kuzuia: hutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa polepole, siku baada ya siku, hivyo hutolewa hata siku mtoto ni mzima na anacheza. Wengi huiacha wiki ya pili kwa kuona "haifanyi kitu", na mwezi hauishi kabla mtoto hajarudi hospitali ya Makadara usiku wa manane. Ya buluu hufungua njia za hewa kwa dakika chache, nayo ni ya wakati wa kubanwa. Ikiwa ya buluu inahitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu haijadhibitiwa na daktari apaswa kuangalia upya.

Tatizo kubwa tunaloliona ni jinsi inavyovutwa. Mtoto akipulizwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi hugonga koo na kumezwa. Anahitaji chombo cha katikati. Kama huna cha dukani, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita hufanya kazi. Imepimwa kwa watoto Afrika Kusini na ikaonekana haipitwi na vya dukani. Chora umbo la mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, kata kwa waya au kisu kilichopashwa moto, na hakikisha pampu inaingia kwa kubana. Pakilegea, ziba kwa gundi pande zote. Osha kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata umeme tuli na dawa hunata ukutani badala ya kumfikia mtoto. Tikisa pampu, ichomeke kitakoni, mtoto azibe mdomo wa chupa kwa midomo yake, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi mara tano au sita bila haraka. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, ndipo ubonyeze ya pili. Usibonyeze mbili kwa pamoja: matone hugongana na kushikana. Baada ya ile ya kahawia asukutue, ateme, la sivyo utando mweupe utaota ulimini. Akibanwa, mpe idadi aliyoandikiwa. Zikipita dakika 20 bila nafuu, ondoka nyumbani umpeleke hospitali.

Na udi, mama. Tunajua nyumba isiyofukizwa jioni haionekani nyumba, lakini moshi wa udi, ubani na makaa hukera njia za hewa za mwenye pumu kama moshi mwingine wowote. Fukizeni nguo chumba kingine, madirisha wazi, mtoto akiwa nje, na aingie moshi ukishatoka wote.

Mtoto wangu ana miezi saba, ana mafua na kifua kinakoroma. Jirani kanipa asali, maji ya mwarobaini na mafuta ya mkaratusi ya kumpaka puani, pia tumfukize. Ni salama? (Kisauni)

Yote manne la, dada. Asali haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja, hata kidogo kwenye ncha ya kidole, maana yaweza kubeba mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya botulini ndani ya utumbo wake ambao haujakomaa. Hulegea, hushindwa kunyonya, kisha kupumua. Mwarobaini kwa mtoto mchanga ni hatari: India na Malaysia kumeripotiwa watoto waliopewa mafuta yake wakatapika, wakashikwa na degedege na ubongo ukaathirika. Mafuta ya mkaratusi na ya kafuri yakimezwa huleta degedege, na yakipakwa karibu na pua ya mtoto chini ya miaka miwili yaweza kubana njia za hewa. Kufukiza hakujaonyeshwa kusaidia mafua, ila kunaunguza watoto.

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Pua iliyoziba itie tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya dukani kila tundu kabla ya kunyonya. Kisha mhesabu pumzi dakika nzima ukitazama saa, akiwa ametulia na halii. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Chini ya miezi miwili kipimo ni 60. Mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akikataa ziwa, akitapika kila kitu au akilegea, mpeleke leo hii. Tazama pia kadi yake ya kliniki: chanjo ya nimonia, iliyoingia Kenya mwaka 2011, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Na amefika miezi sita, kwa hivyo apaswa kuwa amepata kapsuli ya vitamini A ya buluu, yuniti 100,000, bure kituoni. Usimwongezee ya dukani, kwa kuwa vitamini A hujilimbikiza kwenye ini.

Natumia TLD, dawa ya virusi vya Ukimwi, kila usiku saa tatu na virusi vimeshuka vizuri. Nataka kuongeza zinki na vitamini za madini kwa ajili ya kinga. Nimwambie daktari au si lazima? (Changamwe)

Mwambie, ndugu, na hongera kwa kushika dawa. Zinki, chuma, kalisi na magnesiamu hushikana tumboni na dolutegravir iliyo ndani ya TLD na kuizuia isiingie kwenye damu. Kiwango cha dawa kikishuka, virusi hupata mwanya. Kanuni ni kumeza TLD saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Kwa ratiba yako ni rahisi: TLD saa tatu usiku kama kawaida, vidonge vya madini saa mbili asubuhi pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini nazo zina kanuni hiyo hiyo, na watu huzisahau kwa sababu hawazihesabu kuwa dawa.

Zinki yenyewe ina mipaka. Kikomo cha mtu mzima kwa matumizi ya kila siku ni miligramu 40. Ukizidisha kwa miezi, mwili hupungukiwa na shaba, na hapo damu na mishipa ya fahamu huumia. Angalia pia pakiti imeandika nini: miligramu 70 za zinki glukoneti ni kama miligramu 10 tu za zinki halisi. Zile tembe za kumumunya zilizopunguza siku za mafua katika baadhi ya majaribio zilitoa zaidi ya miligramu 75 kwa siku, zikaanzwa ndani ya saa 24 na kwa siku chache, tena ziliacha kichefuchefu na ladha mbaya. Vidonge vya zinki vya kuhara vya mtoto, vya miligramu 20 kwa siku 10 hadi 14, si vya kazi hiyo. Mwache mtoto avimalize.

Nina pumu. Muuzaji anayepita mtaani aliniuzia unga wa mitishamba na kweli siku mbili tu kifua kikafunguka. Nimeutumia miezi mitano. Sasa uso umevimba, nala sana, na presha imepanda. Niuache? (Magongo)

Usiuache ghafla, na tafadhali nenda hospitali wiki hii, ukiubeba huo unga na pakiti yake.

Mmea unaofungua pumu kwa siku mbili kwa nguvu hiyo hatuujui. Tunachokijua ni kwamba unga kama huo mara nyingi hukutwa umechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni au prednisoloni, ambazo hazijaandikwa popote. Uso wa mviringo, njaa isiyoisha, presha, sukari kupanda, ngozi kuwa nyembamba na kuchubuka upesi: hizo zote ni alama zake. Mwili unapopokea steroidi kutoka nje kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza ya kwao. Ukikata siku moja, unabaki bila yoyote. Hapo mtu hutapika, huishiwa nguvu, presha huanguka, na aweza kufa. Daktari atapima sukari na presha, atakupa prednisoloni kwa kipimo kinachojulikana na kuipunguza hatua kwa hatua, huku akikuanzishia pampu ya kuzuia. Ukipata homa au ajali kabla ya kumwona, sema mapema kwamba umetumia kitu kinachoshukiwa kuwa na steroidi. Mwombe mfamasia aripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, au uripoti mwenyewe, maana jirani yako yaelekea ananunua kutoka kwa mtu huyo huyo. Dawa ya mitishamba iliyosajiliwa huwa na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, namba ya toleo na tarehe ya kuharibika. Unga uliofungwa kwenye karatasi hauna hata kimoja.

Vidonge vyangu vya vitamini C vimepata madoa ya kahawia na vingine vimeshikana. Tarehe bado. (Bamburi)

Tupa. Unyevu wa hewa yetu umeingia na vitamini imeoza kwa oksijeni. Madoa ndiyo ushahidi. Tarehe ya kopo huhesabiwa likiwa limefungwa na mahali pakavu, si juu ya kabati la jikoni wala msalani. Nunua kopo dogo, liache lile pakiti dogo la kukausha ndani, funga kila mara, na usitie jokofuni kwa sababu kila unapolitoa matone ya maji hujitengeneza ndani. Mafuta ya samaki ukiyanusa yakanuka rangi ya mlango, yameshaharibika. Habasoda nunua punje nzima na usage ya wiki moja tu, kwani mafuta yake yenye harufu huruka.

Navaa buibui na kazi yangu ni ya ndani. Nilipimwa vitamini D ikawa chini, nikapewa kapsuli za 60,000. Nimezinywa kila siku wiki mbili, sasa nina kiu na choo kigumu. (Majengo)

Simamisha leo, dada, na urudi ukapimwe kalisi na figo. Kapsuli ya yuniti 60,000 kwa kawaida huandikwa moja kwa wiki, kwa wiki chache. Mahitaji ya kila siku ni yuniti 600 na kikomo ni 4000. Vitamini D ikizidi hupandisha kalisi katika damu, ndiyo maana ya kiu, mkojo mwingi, kufunga choo na kichefuchefu. Ikiendelea, figo huumia. Kunywa maji ya kutosha wakati unangoja vipimo, na usimeze kalisi yoyote.

Upungufu wako hata hivyo ni wa kweli na utarudishwa kwa utaratibu. Kuhusu kukinga mafua, tafiti za vitamini D hazijakubaliana; faida ikionekana huwa kwa wenye upungufu na kwa dozi ndogo za kila siku. Baadaye, ukiwa na ua au sakafu ya juu yenye faragha, toa mikono na miguu juani dakika 15 hadi 30, mara mbili tatu kwa wiki, saa ambazo kivuli chako ni kifupi kuliko wewe. Dirisha la kioo halisaidii, kwani kioo huzuia mionzi inayohitajika. Samaki kama vibua na simu nao wana vitamini D.

Navuta sigara miaka ishirini. Kuna vidonge vya kusafisha mapafu vyenye betakarotini, ile rangi ya karoti. Vyafaa? (Tudor)

Hivyo usinywe kabisa. Jaribio kubwa la Finland lililotangazwa mwaka 1994 liliwapa wavutaji betakarotini, na saratani ya mapafu ikaongezeka kwa asilimia 18. Karoti za chakula hazina tatizo. Mapafu husafishwa na kuacha sigara, na kituo cha afya chaweza kukusaidia kuacha.

Nakohoa wiki ya nne. Nimekunywa tangawizi, asali, vitunguu saumu, na antibayotiki za dukani mara mbili. Usiku natoka jasho. (Mikindani)

Acha yote hayo ukapime kifua kikuu kesho. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, tena na jasho la usiku, hakisubiri kiungo kingine. Wataje antibayotiki ulizokunywa, kwa sababu baadhi, hasa jamii ya siprofloksasini na livofloksasini, hufifisha vijidudu vya TB kwa muda na kuchelewesha jibu. Vipimo na matibabu hospitali za serikali ni bure, na dawa hunywewa miezi sita. Pamoja na dawa utapewa vitamini B6, kwa kuwa isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, huipunguza mwilini na miguu huanza kuwaka moto. Hiyo imeze bila kukosa.

Makohozi ya kupima toa asubuhi kabla ya kula, ukishasukutua kwa maji matupu. Simama nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili, ya tatu kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, teme ndani ya kopo ulilopewa na ufunge. Yanayotakiwa ni mazito, kiasi cha kijiko cha chai. Mate meupe mepesi yatakurudisha ukarudie.